Kitu Namba Thelathini na Moja

Katika chai ya kuniaga kazini, karani mmoja kijana, ambaye hadi leo hawezi kuchonga penseli bila kuivunja, alisimama mbele ya wageni akasimulia kwamba zamani mimi niliandikwa katika orodha ya vifaa vya serikali pamoja na ndoo. Watu walicheka hadi wengine wakapaliwa na maandazi. Niliomba nafasi ya kusahihisha, nikaambiwa muda umekwisha. Nasahihisha hapa. Sikuandikwa pamoja na ndoo. Ndoo ilikuwa namba thelathini, nami nilikuwa namba thelathini na moja. Kati yetu palikuwa na mstari, na mstari huo niliupiga mwenyewe kwa rula.

Kijana yule alisema pia kwamba niliandikwa kwa bahati mbaya. Hilo ndilo lililonichoma. Katika utumishi wangu wote sikuandika neno kwa bahati mbaya. Niliandikwa kwa amri, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino mweusi, na nusura orodha hiyo inikoseshe mke. Kwa kuwa ninyi makarani mnaobaki mtaendelea kuandika orodha, yafaa mjue mambo yalivyokuwa. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, maana vilikwisha kutajwa vibaya katika chai ile ile. Mishahara sitaitaja kwa sababu ya adabu.

Nilizaliwa Mwankoko, mtoto wa mkulima wa uwele aliyefuga pia punda. Nilisoma shule ya misheni, nikabatizwa jina la Elia, na siku Mwingereza alipohitaji makarani nikaajiriwa katika boma dogo juu ya kilima, mwendo wa siku moja kutoka Kilimatinde. Jina la boma hilo naliacha. Baadhi ya wahusika wana watoto walioko kazini, na watoto hawana kosa.

Siku ya kwanza nilipokewa na karani mkuu, Mzee Salum, mtu wa Tabora, Mwislamu mwenye kanzu isiyojua vumbi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kuandika?"

"Najua."

"Kila ajaye hapa husema hivyo. Iandike meza ile."

Nikaandika: Meza. Akaniuliza ngapi, nikaongeza: moja. Akaniuliza ina hali gani. Niliinama nikaiona ina miguu mitatu na tofali. Nikaandika: mbovu.

"Futa," alisema Mzee Salum. "Nimeilia chakula leo asubuhi. Andika: miguu mitatu, yasimama. Sikiliza, kijana. Kila kitu kina jina lake, idadi yake na hali yake. Kikikosa kimojawapo, si kitu tena, ni uvumi."

Niliishi kwa maneno hayo. Nilikuwa Mkristo kijana, na kwa kweli nilimwazia Mungu kama Mzee Salum aliye mbinguni, ameketi mbele ya daftari lisilo na doa, ana rula. Sikuona kosa katika wazo hilo. Nilichojitahidi ni kuandikwa vizuri.

Zana zetu zilikuwa chache: kalamu za nibu, kidau cha wino, karatasi za kaboni zilizotumika hadi zikawa kama nyavu, na muhuri mmoja uliokuwa ukilala mfukoni mwa Mzee Salum. Mashine ya chapa ilikuwapo, ila haikuwa na herufi R, kwa hiyo barua zilizotaja serikali tuliziandika kwa mkono.

Nilikuwa kazini mwaka wa tatu ilipokuja amri kwamba boma lihamie chini, kwenye reli. Bwana Shauri wa wakati huo, yaani mkuu wa boma, Mwingereza mwenye homa ya kudumu, alituita barazani akiwa tayari amevaa kofia ya safari. Wapagazi waliopatikana hawakutosha. Msafara wa kwanza ungeondoka siku ile, wa pili ungerudi kesho kutwa kuchukua mabaki.

"Ntandu," aliniambia, kwa jina la baba yangu, "andika kila kinachobaki. Kila kitu. Sitaki kusikia baadaye kwamba kulikuwa na kitu hapa ambacho hakikuandikwa."

Nikaandika. Meza, moja, miguu mitatu, yasimama. Saa ya ukutani, moja, haitembei. Picha ya Mfalme, moja, kioo kina ufa. Mlingoti, mmoja. Bendera, moja, imefifia. Pingu, jozi moja, hazina ufunguo. Punda, mmoja, mkaidi. Punda huyu watu wote walimwita Sultani, lakini Mzee Salum alinifundisha kwamba mali ya serikali haiandikwi majina ya mapenzi. Mwisho nikaandika ndoo, moja, yavuja.

Mzee Salum aliipitia orodha kwa kidole. "Ni nani atakayebaki na vitu hivi?"

"Ni mimi, Mzee."

"Wewe unabebwa leo?"

"Sibebwi."

"Basi unabaki. Bwana amesema nini kuhusu vinavyobaki?"

Nikachukua rula. Namba thelathini na moja: Karani, mmoja, hali nzuri. Bwana Shauri alitia sahihi akiwa amesimama, bila kusoma, na msafara ukateremka pamoja na Mzee Salum. Naomba ieleweke kwamba kila mmoja wetu watatu alifanya kazi yake sawasawa. Ndivyo makosa makubwa yanavyotokea serikalini.

Msafara wa pili haukuja kesho kutwa, wala wiki iliyofuata. Bwana Shauri alizidiwa na homa akapelekwa kwao Ulaya. Aliyemrithi alikuta orodha ya watumishi wa boma jipya imekwisha kuandikwa, nami simo. Nilituma barua kwa tarishi. Jibu lilirudi: vitu vilivyobaki kilimani visiondolewe hadi vikaguliwe. Basi nikaendelea na kazi. Kila asubuhi saa mbili nilipandisha bendera, nikafungua ofisi, nikaketi kwenye meza ya miguu mitatu na kuandika katika kitabu cha shajara: Hakuna jambo. Saa kumi niliteremsha bendera. Siku moja mbuzi aliingia akala nusu ya ukurasa, nikaandika: Kuna jambo.

Hapo kilimani palibaki mtu mwingine wa kazi, Mwalimu Yohana, mwalimu wa dini, Mgogo mrefu aliyepita makamo. Kanisa lake lilikuwa la askari, matarishi na wake zao, na wote walikuwa wameteremka na boma. Alibakiwa na vikongwe watatu na mimi. Hata hivyo kila asubuhi alikigonga kipande chake cha chuma cha reli, kilichokuwa kengele yake, kwa nguvu ya kuita mji mzima.

"Mwalimu," nilimwuliza siku moja, "unamwita nani? Wote tumekwisha kufika."

"Na wewe unampandishia nani bendera?"

"Hiyo ni kanuni."

"Na hii ni kanuni." Akakigonga tena. Kisha akakishusha chuma magotini, akacheka, na kicheko chake hakikuwa na furaha. "Elia, mimi na wewe tunafanana na yule kuku anayeatamia mawe. Anaatamia vizuri sana."

Niliona amenivunjia heshima, nikaondoka. Lakini nikiri kwamba usiku ule nilisali nikakosa la kusema. Nilimwambia Mungu: Hakuna jambo.

Jambo, hata hivyo, lilikuwapo. Nilikuwa na mchumba Nduguti, kule kwa Wanyiramba, jina lake Rahel. Tulijuana shuleni. Aliandika hati nzuri kuliko yangu, na alikuwa mtu pekee aliyewahi kunirudishia barua yangu ikiwa imesahihishwa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kupelekwa. Matangazo ya ndoa yalikuwa yamesomwa kanisani kwao Jumapili tatu. Baba yake, Mzee Mkumbo, akaleta neno: harusi ni Jumapili ya kwanza baada ya mavuno ya uwele. Bwana harusi asipotokea siku hiyo, ng'ombe watarudi walikotoka, kwa sababu kuna mwalimu wa shule amekwisha kuanza kupita mbele ya nyumba kila jioni, amevaa soksi.

Niliomba likizo. Barua iliyonijia ninayo hadi leo. Ilisema kwamba likizo hutolewa kwa watumishi. Kwamba jina la Elia Ntandu halionekani katika orodha ya watumishi. Kwamba, hata hivyo, karani mmoja ameonekana katika orodha ya vitu. Na kwamba vitu havipewi likizo. Vitu huombewa kuhamishwa au kufutwa. Kama ni kuhamishwa, mwombaji ataje uzito wa kitu, na kama kinavunjika.

Nilikwenda kwa Mhindi mwenye duka kule Kilimatinde nikajipima kwa mizani ya gunia. Nikajibu: frasila tatu na ratili kumi na tisa, hakivunjiki. Msicheke. Barua ya serikali hujibiwa.

Waliona ni mzigo wa wapagazi wawili, na wapagazi hawakuwapo. Kwa hiyo wakaleta bodi ya ukaguzi, ili kitu kifutwe. Bodi ilikuwa na watu watatu: Bwana Shauri mpya, kijana mwenye Kiswahili cha darasani, fundi seremala wa boma, na Mzee Salum, ambaye tangu alipofika hakuniangalia usoni. Walianza namba moja wakateremka. Meza ilionekana yasimama. Saa ilionekana haitembei. Ndoo ilimiminiwa maji, ikavuja, ikaandikwa kuwa yafaa kwa vitu visivyo maji.

"Namba thelathini na moja," alisema Bwana Shauri. "Karani, mmoja. Kiko wapi?"

"Ni mimi, Bwana."

"Tafadhali simama karibu na ndoo."

Nikasimama. Fundi alinizunguka mara mbili, kalamu yake ya risasi sikioni. "Bwana, nikigonge? Mchwa husikika."

"Fundi," alisema Mzee Salum kwa sauti ya chini, "mtu huyu amevaa viatu."

"Nimekwisha kuona kabati lenye viatu vya shaba, Mzee."

Nikaomba ruhusa ya kusema, nikaeleza habari za Rahel na Jumapili iliyowekwa. Bwana Shauri alisikiliza kwa huruma, hilo nashuhudia. Akafungua kitabu cha kanuni. Kitu kinachofaa hakiwezi kufutwa. Kisichofaa hufutwa, kisha huchomwa moto mbele ya mashahidi watatu. Nilikuwa nimekusudia kukohoa na kuonekana mbovu, lakini nikawahesabu: walikuwa watatu.

"Hali?" aliuliza Bwana Shauri.

"Kimepungua kidogo," alisema fundi, "lakini chasimama."

Mzee Salum aliandika. Walipokuwa wakifunga mizigo alinivuta kando. "Elia, mimi ndiye niliyekwambia ujiandike."

"Ulikuwa sahihi, Mzee."

"Najua nilikuwa sahihi! Ndicho kinachoninyima usingizi."

Aliniachia nakala ya amri yao, nami niliisoma kila siku kama mtu anayesoma habari za ugonjwa wake. Ilisema: Vitu namba moja hadi thelathini na moja vikae pamoja, visitenganishwe kwa sababu yoyote, mpaka sahihi ya Bwana aliyetia sahihi ya kwanza ipatikane kutoka Ulaya.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya harusi, baba yangu alikuja kutoka Mwankoko na punda sita, kunichukua. Baba hakuwa amebatizwa. Kuhusu serikali na kanisa alisema kwamba yeye huwasalimu wote wawili na kushika njia yake. Nilimsomea amri. Mwalimu Yohana alikuwapo, kipande chake cha reli kimelala miguuni.

"Soma tena hapo pa kukaa pamoja," alisema baba.

Nikasoma.

"Imesema wapi?"

"Wapi nini, baba?"

"Vikae pamoja wapi? Ng'ombe wangu hukaa pamoja kutwa nzima, na kutwa nzima wanatembea."

Niliipitia amri neno kwa neno. Nikaipitia kwa kidole. Nikaigeuza nikatazama nyuma. Haikutaja mahali. Nilihisi baridi mgongoni, kama mtu aliyekuwa akiegemea ukuta, kisha ukuta ukajongea.

"Lakini hakuna amri ya kuondoka," nilisema. "Sijawahi kwenda mahali bila barua."

Hapo Mwalimu Yohana akasimama. Sauti yake haikuwa ya mahubiri. "Mungu alimwambia Abrahamu aondoke, wala hakumwambia kwanza aandike vinavyobaki. Nami nilitumwa huku kuchunga watu. Watu waliteremka kilima mbele ya macho yangu, wakanipungia mikono, nami nikabaki nachunga kuta. Miezi yote hii nimekuwa nikiita uaminifu kitu ambacho kilikuwa woga." Akakitia kipande cha reli begani. Vikongwe watatu walipoagwa hawakulia. Mmoja wao alimwambia, "Nenda, mwalimu. Sisi tunajua kuomba bila chuma."

Hivyo tuliondoka, nasi tuliondoka wote: namba moja hadi thelathini na moja. Punda sita wa baba na Sultani wa serikali walibeba meza, viti, kabati lililovuliwa milango, saa na makasha. Mlingoti tuliubeba mimi na Mwalimu Yohana mabegani. Picha ya Mfalme ilifungwa juu ya punda wa mwisho ikiangalia nyuma, kwa kuwa kamba haikukubali vinginevyo.

"Mfalme wenu," alisema baba, "anatazama alikotoka kama mke aliyeachwa."

"Baba, tafadhali. Huyo ni mali ya serikali."

"Na wewe pia. Lakini wewe angalau unatazama mbele."

Kila asubuhi saa mbili tulisimama popote tulipo, tukachimba shimo, tukasimika mlingoti na kupandisha bendera, na niliandika shajara. Kisha tukaung'oa. Jambo hilo lilitugharimu karibu siku nzima kwa jumla, na baba alisema maneno ambayo sikuyaandika. Katika vijiji tulivyopita, watu walipoiona meza inakuja walikimbilia vichakani wakidhani ni kodi. Mahali pamoja watu wawili walitufuata na kesi ya mbuzi hadi nikalazimika kuketi kwenye meza njiani na kuwaeleza kwamba sina mamlaka. Waliniheshimu zaidi kwa hilo. Walisema hawajawahi kumsikia mtu wa boma akisema hivyo. Jioni niliita orodha. Nilipofika mwisho nilisema, "Namba thelathini na moja," na Mwalimu Yohana aliitikia kwa niaba yangu, "Kipo, kina malengelenge."

Tuliingia Nduguti Jumamosi alasiri. Mzee Mkumbo alitoka nje ya boma lake la miiba, akatazama punda, kabati, mlingoti na Mfalme.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba. Nilisema uje mwenyewe. Sikusema uje na ofisi."

Asubuhi ya Jumapili kanisa lilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Vitu namba moja hadi thelathini viliwekwa ndani, ukutani, kwa kuwa visingeweza kutenganishwa nami. Sultani alifungwa mlangoni, kichwa chake kikiwa ndani, na mchungaji alikubali kwamba hilo latosha. Mwalimu wa shule alikuwapo, na soksi zake.

Sasa nafika mahali ambapo yule kijana wa chai alikosea zaidi, kwa sababu alisema harusi iliingiliwa na punda. Punda hakusema neno. Mchungaji alipouliza kama yuko mtu ajuaye sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme, nilinyosha mkono mimi.

Mchungaji alitazama juu ya miwani. "Bwana harusi, mkono huo ni wa nini?"

"Nina pingamizi."

"Juu ya nani?"

"Juu yangu."

Kanisa zima lilivuta pumzi. Mzee Mkumbo alisimama. Baba yangu alijifunika uso kwa shuka. Nami nilisema lililonisumbua njia yote, wala sioni haya. Nilisema kwamba mbele za Mungu na kusanyiko siwezi kuahidi kitu kisicho changu. Nilitoa orodha mfukoni nikaonyesha sahihi ya Bwana Shauri wa kwanza na ukaguzi wa bodi. Mimi ni mali ya serikali, kitu namba thelathini na moja, wala sijafutwa. Mke wa haki hawezi kupewa mume aliyekwisha kuandikwa kwa mwingine. Kama nimekosa kusema hayo, basi nimekosa kwa kusema kweli.

Mchungaji alipekua kitabu chake cha ibada. Mafundisho yake ya misheni hayakuwa na sura ya jambo hilo.

Rahel alinifuata pale ukutani nilipokuwa nimesimama na vitu, akanyosha mkono kutoka chini ya shela. "Nipe hiyo."

Nikampa. Aliisoma yote tangu juu, taratibu, kama alivyokuwa akizisoma barua zangu.

"Safu hii ya kwanza ni ya nini?" aliuliza.

"Jina la kitu."

"Na hapa mwisho umeandika jina gani?"

"Karani."

"Karani," alisema Rahel, kwa sauti iliyofika hadi kwa Sultani. "Wewe mwenyewe ulinifundisha maneno ya yule mzee wako: kila kitu kina jina lake. Katika matangazo Jumapili zote tatu niliposikia tunatajwa, nilitajwa mimi na nani?"

"Elia."

"Ulipobatizwa uliitwa nani?"

"Elia."

"Elia yumo humu?"

Niliitazama orodha. Nilikuwa nimeitazama kwa miezi yote ile, nami ndiye niliyeiandika. Meza ilikuwamo. Ndoo ilikuwamo. Nilitafuta kwa kidole tangu namba moja.

"Hayumo," nilisema. Rahel akarudi mbele ya mchungaji.

"Basi Karani abaki kule ukutani karibu na ndoo, alindwe na serikali. Elia aje hapa."

Sijui niwaelezeje ninyi vijana kilichotokea ndani yangu wakati huo. Tangu utoto wa kazi nilikuwa nimejitahidi niandikwe vizuri, nami niliandikwa vizuri, na bado kitabu hicho hakikuwahi kuniona. Boma lilihama, mabwana walibadilika, cheo kiliachwa kilimani kama ndoo, na kumbe aliyeniita mara ya kwanza, kwa maji na kwa jina, hakuwa amenihesabu na vitu. Hakuwa amengoja sahihi kutoka Ulaya. Nilitoka ukutani. Zilikuwa hatua nne. Ndiyo safari ya kwanza niliyowahi kufanya bila barua.

"Je, pingamizi limeondolewa?" aliuliza mchungaji.

"Limeondolewa," nilisema, "ila naomba iandikwe kwamba lilitolewa."

"Elia!" alisema Rahel.

"Basi isiandikwe."

Mwalimu Yohana alitoka nje akakigonga kipande chake cha reli, na watu walikuja wengi kuliko kanisa lilivyoweza kuwapokea. Hakurudi tena kilimani. Alibaki Nduguti akafundisha, na hadi alipofariki nilikuwa nikimkumbusha habari ya kuku na mawe, naye akinikumbusha habari ya mkono ulionyoshwa.

Ili kumbukumbu zikamilike: baada ya mwezi mmoja Mzee Salum alikuja mwenyewe na wapagazi, akakuta vitu vyote thelathini na moja viko Nduguti, havikutenganishwa, hakuna kilichopungua. Alivihesabu vyote katika jua kali. Aliandika hati ya mapokezi, akautoa muhuri mfukoni, akaugonga. Kwa hati hiyo nilipokelewa rasmi kwenye boma la reli, hali nzuri. Bwana Shauri alisema amri yake imefuatwa kikamilifu kupita alivyotarajia. Sahihi kutoka Ulaya haikufika. Hati ya mapokezi ninayo, na yule kijana wa chai aje aione, anawe mikono kwanza.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, katika maboma ambayo yalihama, yaligawanywa na kubadilishwa majina. Kila mara yalipohama niliandika vilivyobaki, lakini sikujiandika tena. Makarani vijana walioniuliza sababu niliwaambia kwamba fomu haina nafasi ya kutosha.

Siku ya chai, baada ya maandazi, walinipa karatasi ya kukabidhi. Nilirudisha funguo, muhuri, rula na kiti. Mwisho palikuwa na mstari: Karani amekabidhi vitu vyote. Nilitia sahihi, kisha nikakawia kuirudisha kalamu. Nalisema hili kwa sababu nimeahidi kusema kweli.

Kesho yake asubuhi, saa mbili kasoro, nilikuwa nimevaa koti langu, nimeketi kwenye kiti cha nyumbani, mikono magotini, sijui pa kwenda. Sikuwa na bendera, wala kitabu cha kuandika hata kwamba hakuna jambo. Karani alikuwa amekabidhiwa, tena kwa nakala tatu. Nilikaa hivyo kitambo, naona kama ukuta umejongea tena.

Ndipo nikamsikia Rahel, yuko uani na kuku wake, hakuna hata mtu aliyemwambia nimeketi wapi.

"Elia," aliita. "Njoo."

Nikavua koti, nikaenda.